Mizizi ya Mti wa Umma Inapopasua Nyumba: Tudai Vipi?



Somo letu la toleo hili limetokana na swali tunaloulizwa mara kwa mara katika vikundi vya hapa Mtongwe, na hata na wenzetu wa Timbwani na Shika Adabu. Mti uko nje ya kiwanja changu, kando ya barabara. Sikuupanda mimi. Mizizi yake imeingia chini ya ukuta wangu, na sasa ukuta umepasuka. Je, hasara hii ni yangu peke yangu?

Jibu fupi ni kwamba si lazima iwe yako. Lakini kati ya kuwa na haki na kuipata haki yenyewe kuna safari, na wengi wetu tunakwama njiani kwa sababu tumeanza vibaya. Mmoja huchukua shoka usiku. Mwingine humwaga dizeli au maji ya chumvi shinani akitumaini mti utakauka polepole na watu wasijue. Wa tatu humgombeza jirani bure. Na wengi zaidi hunyamaza tu, wakisema serikali haishtakiki. Hebu tuyatazame mambo haya kwa utaratibu.

JE, KWELI NI MIZIZI?

Tuanze hapa, kwa maana hapa ndipo madai mengi huangukia. Ukienda kwenye ofisi na kusema "mti umevunja nyumba yangu", yule afisa atakuuliza kwanza: umejuaje?

Wengi wetu tulipelekwa Gede tukiwa shuleni. Tuliona jinsi mizizi ilivyokumbatia kuta za mawe na chokaa za mji ule wa kale, mpaka mtu hajui kama ukuta unaushika mti au mti unaushika ukuta. Basi tukakua na fikira kwamba mzizi una nguvu za kuvunja jiwe kama nyundo. Sivyo. Mzizi unapoanza ni mwembamba kama uzi. Unafuata maji na hewa, na unaingia pale palipo na nafasi tayari. Ukishaingia ndipo unanenepa, mwaka baada ya mwaka, na kile kilicho chepesi kinainuka. Kwa sababu hiyo vitu vinavyoumia kwanza ni vile vyepesi au vyenye msingi mfupi: ukuta wa ua, sakafu ya baraza, ngazi ya mlangoni, kifuniko cha tangi la maji machafu, njia ya simiti ya kupita miguu. Nyumba yenyewe, kama ina msingi mzuri, huwa ya mwisho kuguswa.

Tena mizizi mingi haiendi chini sana kama tunavyodhani. Sehemu kubwa iko katika mita moja ya juu ya udongo, lakini kwa upana huenda mbali kupita kivuli cha matawi. Mtu anaweza kuwa na mti hatua kumi na tano kutoka kwake na bado akakuta mizizi chini ya jikoni.

Mabomba ni habari nyingine. Mzizi hautoboi bomba zima. Unaingia kwenye kiungo ambacho kilikuwa kinavuja tangu zamani, unakunywa humo, unaota ndevu nyingi mpaka bomba linaziba. Sasa hapo mwenye ofisi anaweza kukuambia, na kwa haki, kwamba bomba lako lilikuwa bovu kabla mti haujafika.

Udongo pia una neno. Karibu na bahari kwetu tuna mchanga na miamba ya matumbawe, na udongo wa namna hii hautanuki wala kusinyaa sana. Lakini ukivuka kuelekea Changamwe na bara magharibi ya kisiwa, kuna udongo wa mfinyanzi ambao ukinywa maji unavimba na ukikauka unasinyaa. Katika udongo kama huo mti unaweza kuipasua nyumba bila mzizi kuugusa ukuta: unakunywa maji yote wakati wa kiangazi, udongo unashuka, na msingi unashuka nao. Ufa wa namna hii hufunguka wakati wa kaskazi na kujifunga kidogo baada ya mvua za masika.

Na kuna sababu zisizohusu mti hata kidogo. Hizi tuziseme kwa uwazi, hata kama hazipendezi. Nyumba nyingi za huku hazina mifereji kwenye mabati, kwa hiyo maji yote ya paa yanaangukia kwenye msingi. Mchanga uliotumika kujengea pengine ulichotwa ufuoni ukiwa na chumvi yake, na chumvi hula vyuma ndani ya simiti mpaka linta inapasuka kwa urefu wake. Msingi wenyewe mwashi aliuchimba futi moja na nusu kwa sababu pesa zilikuwa kidogo. Kama sababu ni hizi, mti hauna kesi ya kujibu.

Utapimaje? Chukua kalamu ya risasi, uweke alama mbili, moja kila upande wa ufa, na uandike tarehe hapo hapo ukutani. Pima nafasi kati ya alama hizo kila mwezi. Mafundi wa zamani walikuwa wakibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa simiti pande zote mbili. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Kisha chimba shimo dogo kando ya ukuta, taratibu, kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili. Kama kuna mzizi, usiukate. Ufuate mpaka ujue unatoka wapi. Piga picha ukiweka rula au chupa ya soda kando yake ili ukubwa uonekane. Picha ionyeshe pia mti wenyewe na nyumba, si mzizi peke yake kama nyoka asiyejulikana kwao.

MTI NI WA NANI?

"Mti wa serikali" ni jina kubwa mno. Serikali ipi? Hadi mwaka 2013 hapa Mombasa tulikuwa na Baraza la Manispaa, na miti mingi ya kando ya njia ilipandwa au iliachwa wakati huo. Baraza hilo lilikwisha ilipoingia Serikali ya Kaunti, ambayo ndiyo yenye dhamana ya barabara za kaunti na bustani za umma. Lakini si kila barabara ni ya kaunti. Barabara kuu ya kutoka Likoni kwenda Ukunda na Lunga Lunga iko chini ya mamlaka ya barabara kuu za taifa, KeNHA. Ziko nyingine mijini zilizo chini ya KURA. Mti ulio ndani ya uwanja wa shule, kituo cha afya, kambi ya jeshi la maji au shirika la umma una mwenyewe mwingine tena.

Kosa la kawaida ni kumwandikia mtu asiyehusika, ukangoja miezi sita, halafu ukaambiwa "hii si yetu". Kwa hiyo kwanza uliza kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya kaunti ndogo ya Likoni ni nani mwenye barabara hiyo, na uulize kwa maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupewa habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Usipojua ni nani, waandikie wote wawili barua moja, kila mmoja ajue mwenzake amepata nakala.

Hapa kuna jambo gumu ambalo hatuwezi kulipita kimya. Je, ukuta wako uko ndani ya kiwanja chako? Wengine wetu tumesogeza ua mpaka ukala hifadhi ya barabara. Unapodai fidia, mpima ataletwa, na unaweza kujikuta unaambiwa ubomoe ukuta ule ule unaoudai. Kabla ya kuandika barua yoyote, tazama ramani na mawe ya mipaka.

Na je, yule mwenye nyumba asiye na ardhi? Huku Pwani ni kawaida: ardhi ni ya mtu, nyumba ni yangu, nami namlipa kodi ya uwanja. Wako pia walioishi miaka mingi kama maskwota, ingawa baadhi yao, kama wale wa shamba la Waitiki hapa Likoni, walipewa hatimiliki kuanzia Januari 2016. Mtu wa nyumba bila ardhi asikate tamaa. Nyumba ni mali, na anayeikaa na kuimiliki ana jambo la kudai. Ila atahitaji karatasi: risiti za kodi ya uwanja, mapatano ya kununua nyumba, barua ya chifu au ya wazee wa mtaa. Na ni busara amshirikishe mwenye ardhi mapema, ili barua iwe na sahihi mbili badala ya moja.

SHERIA INASIMAMA WAPI

Sheria ya kwetu kuhusu jambo hili kwa sehemu kubwa haikuandikwa na Bunge katika kitabu kimoja. Ni ile sheria ya mazoea tuliyoirithi kutoka Uingereza. Sura ya 8 ya sheria za Kenya inasema mahakama zetu zitaifuata kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri inavyofaa hali ya watu wa hapa. Hukumu za Waingereza za baadaye haziwafungi mahakimu wetu, lakini huwa wanazisoma na kuzizingatia.

Msingi wake ni rahisi. Mwenye ardhi asiache kitu cha kwake kikavuka mpaka na kumharibia jirani. Matawi yakivuka, jirani anaweza kuyakata mpaka kwenye mstari wa mpaka wake. Hilo lilikubaliwa Uingereza tangu karne ya kumi na tisa. Mizizi nayo huhesabiwa vivyo hivyo. Lakini ukitaka kulipwa pesa, inabidi uonyeshe zaidi: kwamba mwenye mti alijua, au alipaswa kujua, kwamba mti unaharibu, na hakufanya jambo la busara kuzuia.

Kuna kesi moja ya London ambayo ni vizuri tuijue, kwa maana inafanana sana na yetu. Mbele ya majengo ya fleti yaitwayo Delaware Mansions kulikuwa na mti mkubwa wa barabarani, mali ya halmashauri ya Westminster, kiasi cha mita nne kutoka ukutani. Mwaka 1989 nyufa zilionekana. Mwaka 1990 injinia alisema mizizi inakausha udongo, na halmashauri ikaarifiwa. Ilipogoa mizizi kidogo lakini haikuuondoa mti. Wenye nyumba wakalazimika kuchimba na kuimarisha msingi wote, kazi iliyogharimu zaidi ya pauni 570,000. Kama mti ungeondolewa mapema, kuziba nyufa kungegharimu pauni 14,000 tu. Mwaka 2001 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, liliamua halmashauri ilipe gharama zile.

Tazama kilichoiangusha halmashauri ile. Haikuwa kosa kuwa na mti. Kosa lilikuwa kwamba iliambiwa, ikapewa nafasi ya kurekebisha, na haikufanya la kutosha. Malodi walisema pia upande wa pili: mwenye nyumba asikimbilie kutumia pesa nyingi kisha alete hesabu kwa mtu ambaye hakuarifiwa. Ni lazima mwenye mti apewe taarifa na muda wa kutengeneza. Kwa hiyo barua yako ya kwanza ndiyo kesi yenyewe. Bila barua, hata ukiwa na ufa wa kupitisha mkono, huna pa kusimamia.

BARUA

Tulimsaidia mama mmoja wa huku kwetu, mjane, ambaye nyumba yake ya Kiswahili ya vyumba sita ndiyo shamba lake na ndiyo pensheni yake. Vyumba vitatu ni vya kupangisha, na kodi hiyo ndiyo inayolipa shule ya wajukuu. Mkungu wa kando ya njia ulikuwa umeinua sakafu ya ukumbi na kuziba bomba la kwenda kwenye tangi. Choo kilikuwa kinarudisha uchafu. Mpangaji wa kwanza alihama, wa pili akasema atahama mwisho wa mwezi.

Mama huyu alikuwa amekwenda katika ofisi moja ya umma mara saba. Kila mara alipokelewa vizuri, akaketishwa, akaambiwa "tutakuja kuangalia, mama". Tulipomwuliza ana karatasi gani, alituonyesha tiketi za matatu. Mara saba, na hakuna hata herufi moja iliyoandikwa. Kwa ofisi ile, mama huyu hakuwahi kufika.

Tuliandika naye barua ya ukurasa mmoja. Tunaiweka hapa bila majina, mtu aibadilishe apendavyo:

"Kwa Bwana/Bibi Msimamizi. Mimi ni mwenye nyumba iliyoko kijiji cha ......, karibu na ....... Mbele ya nyumba yangu, katika hifadhi ya barabara, kuna mti wa mkungu, umbali wa mita ...... kutoka ukutani. Tarehe ...... niliona sakafu ya ukumbi imeinuka. Tarehe ...... tulichimba mbele ya mashahidi wawili tukakuta mzizi unaotoka katika mti huo umepita chini ya ukuta na kuingia katika bomba la maji machafu. Picha nne na maelezo ya fundi zimeambatanishwa. Uharibifu unaendelea. Naomba ofisi yako (1) itume mtu kukagua ndani ya siku 14; (2) izuie mizizi kuendelea; (3) itengeneze au ilipe gharama za matengenezo kama zilivyoonyeshwa. Nimekwisha rekebisha mifereji ya paa langu ili maji yasiwe sababu. Naomba jibu kwa maandishi. Wako, ......"

Angalieni sentensi ile ya mifereji. Tuliiweka kwa makusudi. Anayedai anatakiwa naye apunguze hasara anapoweza, na ukisema umefanya sehemu yako, unamwondolea mwenzako kisingizio.

Barua iwe na nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe, nawe unaondoka nayo. Kama karani hataki kugonga muhuri, usigombane naye. Itume kwa rejista posta, uweke risiti. Mpelekee nakala mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA, na nakala kwa chifu.

Makisio ya gharama yatoke kwa mafundi wawili tofauti, si kwa shemeji peke yake. Kila kitu kihesabiwe: mifuko ya simiti, mawe, mchanga, bomba, ufundi. Kama jengo ni kubwa na ufa uko katika nyumba yenyewe, tafuteni injinia aliyesajiliwa hata kwa kuchanga, kwa sababu neno la mwashi, hata awe bingwa namna gani, halitasimama mbele ya neno la injinia wa serikali. Kodi ya wapangaji waliohama unaweza kuidai pia, ikiwa una daftari la kodi. Wenye nyumba wa Mtongwe, tuanze kuweka daftari la kodi!

Yule mama alipata nini? Hakupata fidia ya pesa taslimu. Alipata wafanyakazi waliokuja kuchimba mtaro kati ya mti na nyumba, wakakata mizizi upande huo kwa mpango, wakaweka bomba jipya lenye viungo imara, na kumpa mifuko ya simiti ya kurudishia sakafu. Kodi ya miezi aliyoipoteza hakulipwa. Sisi tulimshauri akubali, naye akakubali, kwa sababu msimu wa kupangisha ulikuwa unapita na choo kilikuwa kinawatia watoto hatarini. Wengine katika kikundi walituambia tumemwuza rahisi. Bado tunaona ilikuwa mapatano mazuri. Kilichotupendeza zaidi ni kwamba yaliandikwa na kutiwa sahihi pande zote mbili.

OFISI IKINYAMAZA

Kuna ngazi, na si lazima kuzipanda zote. Baada ya siku 14 andika barua ya kukumbusha, ukitaja ile ya kwanza na tarehe yake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa haraka na kwa haki na ofisi za utawala, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwumiza. Litaje jambo hilo kwa upole.

Ngazi ya pili ni tume ya Ombudsman, ambayo kazi yake ni kushughulikia ofisi za umma zinazochelewesha au kupuuza watu. Huhitaji wakili wala ada. Peleka nakala za barua zako. Tumeona mara nyingine barua moja ya Ombudsman ikiamsha faili lililolala mwaka mzima. Ikiwa nyumba nyingi za mtaa mmoja zina shida ile ile, mnaweza pia kuleta ombi la pamoja kwa Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wananchi haki hiyo.

Kisha kuna usuluhishi. Katiba, kifungu cha 159, inaitaka mahakama yenyewe ihimize mapatano na njia za jadi. Kikao cha wazee, chifu, mtu wa kaunti na mwenye nyumba, chini ya ule ule mti, kimewahi kumaliza mengi kuliko tunavyodhani. Tahadhari moja tu: muda wa sheria haungoji kikao.

Muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Kwa madai ya kawaida ya hasara baina ya mtu na mtu, sheria inatoa miaka 3. Lakini Sura ya 39, inayohusu madai dhidi ya Serikali na mamlaka za mitaa, inasema miezi 12. Ukiwa unadai ofisi yoyote ya umma, hesabu miezi 12 tangu siku ulipoona uharibifu, na usimsikilize mtu anayekuambia "bado kuna wakati". Ndiyo maana ile tarehe ya kalamu ya risasi ukutani ina faida. Tena Sura ya 40 inataka Serikali ipewe notisi ya siku 30 kabla ya kushtakiwa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kisimfungie mwananchi mlango wa haki. Hata hivyo toa notisi. Haigharimu ila karatasi.

Mahakama ipi? Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na ambayo ipo hapa Mombasa. Inasikiliza madai ya uharibifu wa mali, mtu anaweza kujisemea mwenyewe, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Madai makubwa zaidi, au yale yanayogusa mpaka na umiliki wa ardhi, yana mahakama zake, na huko usiende bila ushauri. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo. Iko pia huduma ya taifa ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016.

Ukishinda usidhani utapeleka dalali kwenye ofisi ya serikali abebe meza na magari. Sheria hairuhusu mali ya serikali kukamatwa hivyo. Utapewa hati ya mahakama inayoonyesha unachodai, kisha utangoja walipe, na kungoja huko kunaweza kuwa kurefu. Hii ni sababu nyingine ya kuyapima vizuri mapatano unayoletewa kabla ya hukumu.

SHOKA LA USIKU

Tunawasihi wasomaji, msikate mti wa umma kwa siri. Kwanza ni kosa, na wewe uliyekuwa mdai unageuka kuwa mshtakiwa. Pili, umeharibu ushahidi wako mwenyewe. Tatu ni hatari. Mti uliokatwa mizizi mikubwa upande mmoja, karibu na shina, hausimami vizuri. Upepo wa kusi ukija na mvua za masika, unaweza kuangukia nyumba ile ile, au ya jirani, au watoto wa shule.

Tena katika udongo wa mfinyanzi, mti mkubwa ukiondolewa ghafla, udongo uliokuwa mkavu unarudia kunywa maji na kuvimba, na ukuta unapasuka upya upande wa pili. Mtu wa misitu na injinia waulizwe kwanza. Mara nyingi yapo matengenezo ya katikati: mtaro wenye kizuizi cha simiti au plastiki ngumu, kupogoa matawi ili mti unywe maji kidogo, kuujenga ukuta wa ua upya ukiwa na linta inayovuka juu ya mzizi kama daraja.

Kuna jambo jingine. Mti unaokuvunjia ukuta ndio kivuli cha muuza kahawa, cha wazee wa bao, na cha akina mama wanaongoja matatu. Ukidai uondolewe, wapo watakaokuja kuudai ubaki, na wana haki ya kusikilizwa. Itisheni baraza mapema. Mtaa mmoja tuliowahi kukaa nao uligawanyika nusu kwa nusu kwa sababu ya mwarobaini mmoja, mpaka watu wakaacha kusalimiana. Mti ulipogoelewa, mtaro ukachimbwa, na ugomvi wa watu ukachukua muda mrefu kupoa kuliko kazi ya jembe.

TUNAPOPANDA

Siku hizi tunahimizwa sana kupanda. Tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa hata sikukuu ya taifa ya kupanda miti, na lengo lililotangazwa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Vizuri. Lakini tumeona miche ikipandwa hatua mbili kutoka ukuta wa darasa, kwa sababu mgeni wa heshima alitaka picha mahali penye kivuli.

Mkuyu na jamaa zake, mkungu, mvinje, mwembe, na ule mti wa maua mekundu tunaouita mkrismasi, hiyo ni miti ya uwanja mpana. Iwe mbali na nyumba, mabomba na tangi la choo, angalau umbali sawa na urefu ambao mti utafikia ukikomaa. Karibu na nyumba panda mlimau, mpera, mstafeli au mpapai. Mnazi una mizizi mingi myembamba ambayo haisumbui sana msingi. Hatari yake ni nazi na kuti kuanguka, na hiyo kila mtu wa Pwani anaijua tangu utotoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Tembeeni pamoja katika mtaa wenu. Ni miti mingapi ya umma iliyo karibu na nyumba kuliko urefu wake yenyewe? Ni ya nani, na ni nani kati yenu atakayeuliza kwa maandishi?

Kuna mwanakikundi mwenye ufa ambao haujawekwa tarehe? Nendeni na kalamu ya risasi.

Yule mama mjane alikubali matengenezo bila pesa ya kodi aliyoipoteza. Ninyi mngemshauri nini, mkijua kwamba choo kilikuwa kinarudisha uchafu na miezi 12 ilikuwa imebaki minne?